Ngano Iliyofichwa Ukutani

Mchwa wa Ugogo hawachagui. Mwaka jana, baada ya arobaini ya mama, tulifungua sanduku lake la bati kule kijijini tukakuta wamepenya palipoota kutu chini, wamekula vitenge viwili, daftari la vikoba, na nusu ya jalada la kitabu cha Kiingereza nilichokuwa nimekisahau kwa zaidi ya miaka 30. Chupa tatu za mbegu ya uwele, zilizochanganywa na majivu na kuzibwa kwa nta, hawakuziweza. Mama hakujua Kiingereza hata salamu. Vitabu vile alivitunza kwa kuwa vilikuwa vyangu, na kwake kitu cha mtoto hakitupwi.

Vilikuwa vitatu: By the Shores of Silver Lake, The Long Winter na Little Town on the Prairie. Mwandishi ni Laura Ingalls Wilder, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1867 na kuanza kutoa vitabu vya utoto wake akiwa na umri wa miaka 65. Mfululizo wake una vitabu vinane, vilivyotoka kati ya mwaka 1932 na 1943, na vingi vinafuata familia moja inayohamahama kwenye nyika za Marekani ndani ya gari la farasi, ikitafuta shamba litakalokubali. Wapo wanaoijua hadithi hiyo kupitia televisheni, maana iligeuzwa tamthilia iliyoanza mwaka 1974. Ile tamthilia siizungumzii hapa. Ni kitu kingine kabisa.

Vya mwanzo nilivisoma nikiwa darasa la sita, kutoka kwenye boksi la vitabu vya msaada lililokaa ofisini kwa mwalimu mkuu likilindwa kama mtungi wa gesi. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini nyumba nilizielewa. Katika On the Banks of Plum Creek, familia inaishi kwenye shimo lililochimbwa ukingoni mwa kijito, paa lake ni udongo na majani, na siku moja mguu wa ng'ombe unatumbukia ndani kutokea juu. Wenzangu wa Dar es Salaam wangehitaji maelezo. Sisi tulikuwa tumelala kwenye tembe, tunajua udongo wa darini ukikudondokea usoni usiku unamaanisha nini. Nzige wanaokula shamba la ngano la Bwana Ingalls, baba yake Laura, mpaka bua la mwisho hawakuhitaji tafsiri.

Vitabu vya baadaye vilinifikia sekondari, nikiwa na miaka 17, kwa mkono wa mwalimu aliyekuwa anahama. Sikuvipenda. Dubu hakuna, mbwa mwitu hakuna. Dada mkubwa, Mary, amepofuka kabla kitabu cha tano hakijafungua vizuri ukurasa wa kwanza. Laura amekuwa msichana mkubwa, anahesabu senti, anashona mashati ya watu mjini, anawazia mtihani wa ualimu. Niliona hadithi imekwisha na mwandishi hajajua. Nikavitia sandukuni kwa mama, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikirudia kwa watu kauli ambayo wasomaji wengi wa vitabu vya watoto wanaipenda: mfululizo mzuri ufungwe mhusika akiwa bado mdogo, kwa kuwa akikua na hadithi inachuja.

Sasa nimevisoma tena, jioni kwa jioni, na binti wa kaka yangu mwenye miaka 11, kwenye baraza ya nyumba yangu Nkuhungu, Dodoma. Kauli ile naifuta. Vya mwisho ndivyo vizito. Ila vina kasoro ambayo vile vya mwanzo havina, na hiyo kasoro ndiyo hasa inayonifanya niandike.

Tuanze na uzito. The Long Winter ni kitabu cha majira ya baridi ya mwaka 1880 kuingia 1881 katika mji mchanga wa De Smet, kwenye eneo lililoitwa Dakota. Mji wenyewe umezaliwa na reli, kama ambavyo Dodoma tunayoijua ilipata mwili wake reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1910. Reli ikileta kila kitu, siku treni isipokuja hakuna kitu. Tufani ya theluji inaanza Oktoba, treni zinakwama, na mpaka Mei mji unakula ulichonacho. Makaa yanakwisha, wanasokota nyasi kavu ziwe kama vijiti vya kuni, kutwa nzima, mpaka mikono inachanika. Mafuta ya taa yanakwisha, mama anatengeneza taa kwa kitambaa, kifungo cha nguo na grisi ya magurudumu ya gari. Nikamwambia mtoto: hiyo ni koroboi. Akaniuliza koroboi ni nini. Nikakaa kimya kidogo, nikakumbuka kwamba yeye amezaliwa na umeme.

Unga nao unakwisha. Kinachobaki ni ngano kidogo isiyosagwa, na mashine pekee ndani ya nyumba ni kinu kidogo cha kahawa cha mkono. Basi wanasaga kwa zamu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, ili wapate mkate wa siku hiyo. Kesho wanaanza upya. Wilder anaandika mambo haya bila kupandisha sauti. Anarudia: nyasi, kinu, mkate, nyasi, kinu, mkate. Nilipokuwa na miaka 17 nilidhani ni uvivu wa mwandishi. Leo naona hiyo ndiyo njaa ilivyo. Njaa haina matukio. Anayeisimulia kwa matukio mengi hakuwepo.

Halafu kuna ukurasa ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Katika vitabu vya mwanzo kila jambo baya linafungwa na fidla ya baba. Dubu kapita, nzige wamekula, watu wamehama: jioni Bwana Ingalls anatoa fidla kwenye boksi lake na watoto wanalala. Ni kama zeze lilivyo kwetu. Mtu wa Ugogo aliyekulia kwenye mlio wa zeze na ilimba, ule ambao marehemu Hukwe Zawose aliuzungusha duniani, anajua kwamba chombo cha aina hiyo ni mmoja wa wanafamilia. Sasa katikati ya baridi ile baba anachukua fidla, anajaribu, na vidole vimevimba na kukakamaa kwa baridi na kwa kusokota nyasi. Haviwezi. Anairudisha kwenye boksi.

Binti alinyamaza, akaniomba nisome tena. Nikasoma tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vitabu vitano vya nyuma yake vilikuwa vinaandaa ukurasa huo. Bila wewe kuizoea fidla, kunyamaza kwake hakukuumizi. Ndiyo maana siwezi tena kusema kwamba mfululizo ungeishia njiani. Mtoto wa miaka mitano anamwona baba kuwa mtu asiyeshindwa, na kitabu cha kwanza kinaona kwa macho hayo hayo. Laura wa miaka 14 anaona mikono.

Sasa ngano yenyewe. Mjini kuna kijana anaitwa Almanzo Wilder, ndiye atakayemwoa Laura baadaye. Ana ngano ya mbegu, nzuri, aliyoikusudia kupanda masika. Akiona mji unaanza kula kila kitu, anajenga ukuta wa uongo ndani ya chumba anachoishi na kaka yake, anamwaga mbegu nyuma yake na kupigilia mbao. Siku ya siku Bwana Ingalls anaingia na ndoo. Hapigi hodi ya kuomba. Anakwenda moja kwa moja ukutani, anachomoa kizibo kilichoziba tundu la ubao, na ngano inamiminika ndooni huku wenye nyumba wakitazama.

“Shangazi,” mtoto akasema, “baba yake Laura si ameiba?”

Nikamwambia mwizi huja usiku. Akasema hapana, kuna wezi wa mchana. Ni kweli. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kwangu mimi mandhari ile haina wizi kwa sababu Bwana Ingalls hakuficha uso: alikuwa ameushtukia ukuta siku nyingi, na alikuja kuwaambia vijana kwa vitendo kwamba watoto wake wamefika mwisho. Baadaye wakaongea kiungwana. Lakini mtoto alikuwa na swali la pili, kubwa kuliko la kwanza: je, Almanzo alikosea kuficha?

Mtu aliyekulia Dodoma ajibu swali hilo taratibu. Mama yangu alikuwa na chupa zake. Mwaka mvua ilipokatika Januari, uwele ukiwa umefika magotini, tulikula mlenda na unga wa njano wa msaada tuliouita yanga, na chupa zilibaki zimezibwa. Nilimchukia kwa hilo. Jirani mmoja alikuja kuomba, mama akampa yanga, mbegu hakumpa. Msimu uliofuata jirani huyo huyo alikuja tena, safari hii kwa mbegu, akapewa kikombe. Mwenye kula mbegu amekula na mwakani, na hilo lilikuwa jambo la hesabu tu, wala halikuhusu roho nzuri au mbaya. Kwa hiyo Almanzo namwelewa. Na ninapoendelea kusoma namwelewa zaidi, maana ili mbegu yake isiguswe anafanya jambo la hatari kuliko kugawa: yeye na rafiki yake Cap Garland wanafunga farasi na kwenda maili kama 20 kwenye theluji, kwa uvumi tu kwamba kuna mkulima ana ngano. Kiswahili kina neno la safari hiyo, kuhemea, na sidhani lipo la Kiingereza lenye uzito sawa. Kuhemea ni kununua, ni kuomba, ni kutembea na njaa ukitafuta chakula cha waliobaki nyumbani, vyote kwa mpigo.

Wanairudisha ngano. Mfanyabiashara aliyetoa fedha za kuinunua, Bwana Loftus, aliilipia dola 1.25 kwa kipimo kimoja. Anaiuza dola 3. Watu wanachemka, na Bwana Ingalls anamwambia, kwa maneno ya upole yenye meno, kwamba nchi ni huru na bei ni yake, ila baridi haitadumu milele na wateja wana kumbukumbu. Loftus anashusha bei mpaka ile aliyonunulia. Mtu wa rika langu hapa hawezi kusoma ukurasa huo bila kukumbuka mwaka 1983, vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, sabuni zikitupwa vichakani usiku. Kwetu ilikuja serikali. Kwenye kitabu hakuna serikali. Kuna wanaume wachache dukani na aibu ya mtu mmoja.

Na hapo ndipo kasoro ninayoisema inapoanza kuonekana, kwa sababu serikali haimo popote. Katika vitabu hivi vya mwisho familia ya Ingalls inazidi kuwa peke yake kadiri shida inavyozidi. Nyumba moja, baba, mama, mabinti wanne, theluji. Ukisoma unaamini kwamba walivuka kwa mikono yao tu.

Haikuwa hivyo. Kabla ya vitabu hivi Wilder aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa ajili ya watu wazima, zikakosa mchapishaji, zikaja kutolewa mwaka 2014 kwa jina la Pioneer Girl. Humo tunaambiwa kwamba majira yale ya baridi nyumba ya Ingalls ilikuwa na wageni: George na Maggie Masters na mtoto wao mchanga, waliokaa hadi mwisho wakila na kuota moto. Wilder hakuwapenda. Alimwona George mvivu na mlafi, na katika riwaya akawafuta wote watatu. Namwelewa kama dada na kama mke. Nani hajawahi kuwa na mgeni wa siku mbili aliyemaliza miezi mitatu? Lakini angalia kilichopotea pamoja nao. Nyumba ambayo katika njaa kuu ilikuwa na walaji tisa imekuwa nyumba ya walaji sita wanaojitosheleza.

Tazama na masomo ya Mary. Little Town on the Prairie karibu chote kinazunguka ada ya chuo cha wasioona kilichoko Vinton, jimbo la Iowa. Laura anashona kwa senti 25 kwa siku. Ndege weusi wanashuka shambani kwa maelfu na kumaliza shayiri na mahindi (mtoto aliniuliza kama ni kwelea kwelea, nikamwambia ni binamu zao kwa tabia, na kwamba mimi utoto wangu niliumalizia juu ya dungu nikiamia ndege hao kwa kombeo). Baba anauza mtamba ili pengo lizibike. Inasisimua. Ila ukweli wa kumbukumbu za serikali ni kwamba Dakota haikuwa na shule yake ya wasioona, na kwa hiyo ilimlipia Mary masomo huko Iowa. Familia ilichangia nguo, nauli na mambo mengine, na kwa maskini hayo si madogo. Lakini serikali ilikuwemo, na kitabu kimeitoa. Hata miaka ya nzige, Charles Ingalls wa kweli alitia saini kwamba hana kitu, ili apate unga wa msaada. Kwenye kitabu anatembea mamia ya maili na viatu vilivyotoboka kutafuta kibarua cha mavuno. Vyote viwili vinawezekana kwa mtu mmoja. Kilichoandikwa ni kimoja.

Nani aliyaondoa hayo? Wachambuzi wengi wanamtazama binti yake, Rose Wilder Lane, ambaye vitabu vilipokuwa vikiandikwa alikuwa mwandishi mwenye jina kuliko mama. Rose alihariri, akapanga upya, akakata. Alikuwa pia mpinzani mkali wa Rais Roosevelt na mipango yake ya kuwasaidia wananchi wakati wa mdororo wa uchumi, na mama yake hakuwa mbali naye kwa hilo. Sitaki kumtupia Rose kila kitu. Barua zilizobaki zinaonyesha mama na binti wakivutana na kukubaliana, na mama hakuwa mtu wa kuburuzwa. Ila ukijua hayo, ile sura ya sikukuu ya Julai 4 ambapo Laura anawaza kwamba mtu huru hana mfalme, anajitawala mwenyewe, inasomeka kama hotuba ya mwaka 1941 iliyovikwa gauni la mwaka 1881.

Kizazi changu kililelewa na neno kujitegemea. Tulilima shamba la shule kwa jina lake, tuliimba, tuliandika insha. Kwa hiyo sina ugomvi na mtu anayesifu mikono yake mwenyewe. Lakini kujitegemea tulikofundishwa kulikuwa kwa kijiji, kwa taifa. Haikuwa kauli ya mtu mmoja kujifungia na mbegu zake. Wazee wa Ugogo waliipa njaa ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza jina lake, Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, mvua ikakatika, homa ya mafua ikamalizia. Katika simulizi zote nilizozisikia nikiwa mdogo, za waliovuka na za waliokufa, sikuwahi kusikia mtu akisema fulani alivuka kwa sababu alikuwa hodari. Walisema alikuwa na watu.

Kuna mzaha wa Bwana Ingalls ninaoupenda mno katika vitabu hivi. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa raia ekari 160 akilipa ada ndogo na kukaa juu ya ardhi hiyo miaka mitano. Yeye anasema serikali imewekeana naye dau: ekari 160 kwa dola 14, kwamba hataweza kukaa miaka mitano bila kufa njaa. Utani huo una ukweli wa kutisha. Watu walihimizwa kwenda nyanda kavu kwa imani kwamba mvua hufuata jembe, ukilima mbingu zitakujia. Sisi tuliokulia karibu na Kongwa tunaijua imani hiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, wakang'oa mbuyu na vichaka, wakasema nyika hii italisha Ulaya mafuta ya karanga. Udongo ulikauka ukawa kama saruji, mvua ikakataa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Bwana Ingalls angalau alicheka mapema. Hati ya ekari zake alikuja kuipata, halafu hakukaa: akahamia mjini, na huko ndiko alikofia. Vitabu vinaishia kabla ya hapo.

Sijasahau suala ambalo msomaji wa Kiafrika analingoja. Katika Little Town on the Prairie wanaume wa mji wanafanya burudani za jioni, na usiku mmoja watano wanaingia wamejipaka nyuso masizi, wamevaa matambara, wanaruka na kuimba wakiiga watu weusi. Mmoja wao ni baba. Laura anafurahi sana kwamba hakumtambua. Nilikuwa nimeusahau ukurasa huu pia, au labda nikiwa na miaka 17 niliupita bila kuelewa maana yake, na hilo linanisumbua zaidi ya ukurasa wenyewe.

Sikuuruka. Nilimsomea mtoto, nikamweleza masizi yale yalikuwa mchezo gani Marekani na nani aliyekuwa akichekwa. Akasema, “Baba wa fidla?” Ndiyo, baba wa fidla. Kisha akanikumbusha yeye mwenyewe jambo la kitabu cha mwaka 1935, Little House on the Prairie: familia nzima imelala hoi kwa homa na kutetemeka, hakuna wa kumpa mwenzake maji, na anayewaokoa kwa unga mchungu ni daktari mweusi, Tan, ambaye alikuwepo kweli huko Kansas kwa jina la George Tann. Ugonjwa ni malaria. Wao walidhani ni hewa ya usiku, na jirani mmoja alilaumu matikiti maji. Binti alicheka kwa hilo mpaka akalala chini.

Hivyo mtu aliyeokolewa na daktari mweusi anajipaka masizi miaka kumi baadaye kuwachekesha majirani, na mwandishi haoni mgongano wowote. Kitabu hicho cha mwaka 1935 nacho kilikuwa na sentensi iliyosema kwamba nyikani hakukuwa na watu, ni Wahindi Wekundu tu, yaani wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakiishi huko; ilibadilishwa katika toleo la mwaka 1953, baada ya msomaji kulalamika. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kiliondoa jina la Wilder kwenye tuzo yake kubwa kwa sababu za namna hiyo. Wapo waliolia kwamba anafutwa. Tuzo ni ya wenye tuzo, wampe jina wanalotaka. Vitabu viko palepale, na mimi nashika msimamo kwamba mtoto wetu avisome vyote, hasa vya mwisho, akiwa na mtu mzima karibu, kwa kuwa ndivyo vinavyomwonyesha baba mzuri akifanya jambo baya huku kila mtu akipiga makofi. Vya mwanzo vinakuachia baba aliyekamilika. Huyo hanifai tena.

These Happy Golden Years, kitabu cha nane, nitakipita haraka. Kinaanza vizuri sana: Laura ana miaka 15, anafundisha shule ya kibanda mbali na nyumbani, analala kwa familia ambayo usiku mmoja mke anasimama na kisu juu ya kitanda cha mumewe akitaka arudishwe kwao. Mwalimu yeyote aliyewahi kupangiwa kituo cha mbali na kulala nyumba ya watu atausoma ukurasa huo amejikunyata. Baada ya hapo ni farasi, farasi, na ndoa ya mwaka 1885. Tamu. Inatosha.

Lakini kuna cha tisa. Wilder alifariki mwaka 1957, Rose mwaka 1968, na mwaka 1971 kikachapishwa kijitabu kilichokutwa kwenye makaratasi yao, The First Four Years. Hakikupitia mkono wa Rose, na kinaonekana hivyo: sentensi kavu, mambo yameachwa wazi. Wapenzi wengi wa mfululizo huu hawakitaki. Ndani yake nyumba mpya ya maharusi ina deni la dola 500 ambalo mume hakulisema. Ukame. Ugonjwa wa koo unaomwachia Almanzo ulemavu wa miguu. Mtoto wa kiume anayekufa kabla hajapewa jina. Nyumba inaungua. Sandukuni kwa mama hakikuwemo. Tulikisoma kwenye simu, mtoto kashika, mimi nimevaa miwani.

Karibu na mwanzo ngano yao imeiva, imebaki kuvunwa. Wamekwishaihesabia fedha, wamekwishailipia deni kichwani. Mawe ya mvua yanashuka, dakika chache, na shamba limelala chini lote. Almanzo anatazama. Kisha anasema haya, tutengeneze aiskrimu, wewe koroga, mimi naokota mawe ya kugandishia.

Ningekuwa na miaka 17 ningesema huyu ndiye shujaa. Hata sasa nilitaka kumsifu, nikaanza kumweleza mtoto jinsi watu wa nyika wanavyocheka mbele ya hasara. Hakunisikiliza. Yeye alikuwa anamtazama mtu mwingine aliyekuwepo hapo, mgeni wao Cora, ambaye Laura anamgeukia na kumuuliza kama anataka kusherehekea. Cora anajibu kwamba hapana, anataka kwenda kwake akaone kumetokea nini. Aiskrimu itamkaba koo.

“Huyo Cora ndiye mwenye akili,” binti akasema, akanirudishia simu.